Amina kwa Vita vya Mbali

Sikumpenda Mwinjilisti, na ninalisema mapema ili anayetafuta sifa za marehemu aende akazitafute kwingine. Jina analo, na wanawe wanalitumia mpaka leo, lakini Tukuyu nzima tulimwita Mwinjilisti tu, nami sioni kwa nini nimbadilishie sasa. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo waulizwe wazee wa Masukulu. Mimi nitasema niliyoyaona, maana tulikaa naye jirani tangu nabebwa mgongoni mpaka nikawa na wangu wa kubeba.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti jeusi lililomfika magotini, buti za mpira, na mwamvuli. Hapa kwetu kila mtu ana mwamvuli; mvua ya Tukuyu haina adabu, haibishi hodi. Lakini yeye wake hakuufungua. Aliutumia kunyooshea watu. "Wewe, mwenye sketi hiyo, ludi nyumbani!" Hivyo ndivyo alivyosema, kwa Kiswahili cha wazee wa Rungwe, kila ra ikawa la na kila va ikawa fa. Mvua ikimkuta njiani alilowa chapachapa na mwamvuli umefungwa mkononi, na ukimuuliza alijibu, "Mfua ni ya Bwana." Sisi watoto tulimcheka mpaka tukakaa chini. Mama alitufinya masikio, halafu na yeye akageukia ukutani acheke.

Alikuwa na semi zake, na zote zilimlipa yeye. "Jibu la aliyeokoka ni fupi." "Anayeuliza sana anamchungulia Mungu dilishani." Ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa, "Sitaki maswali, nataka Amina." Aliitumia kanisani, aliitumia msibani, aliitumia hata sokoni alipokuwa anapunguziwa bei ya viazi. Muuzaji akisema hapana, yeye anasema, "Nataka Amina, mama," na yule mama masikini anaona haya mbele za watu, anashusha bei. Watu waliliona jambo hilo kuwa ni ucheshi. Mimi niliona ni unyang'anyi wa mtu mwenye Biblia.

Chakula ndiyo usiseme. Alikuwa na pua ya kujua nyumba gani leo imepika mbalaga, zile ndizi za kupika na nyama, na alitokea wakati sufuria linateremshwa. Akikaribishwa anasimama kuombea chakula. Anaombea wapishi, anaombea shamba, anaombea wagonjwa wa Ikuti mmoja mmoja, anaiombea serikali, na sisi tumefumba macho tunameza mate. Akisema amina mafuta yameshaganda juu ya mchuzi. Basi anachukua tonge la kwanza, anakunja uso, anamwambia mama, ambaye kwao ni Ikuti, "Binti wa Ikuti, chakula chako kimepoa." Hee! Kimepoa! Nilitamani kumwagia.

Lakini mama alimheshimu, na ana sababu zake, nami nitazisema ingawa haziendi vizuri kooni. Baba yetu alikufa mimi nikiwa bado sijaanza shule. Ndugu zake walikuja wakachukua ng'ombe, wakaacha majembe. Aliyekuja kukata nguzo za jiko letu jipya ni Mwinjilisti, kwa mikono yake, koti amelitundika mgombani. Ndiye pia aliyembeba mgonjwa kwa machela kutoka Ikuti mpaka hospitali ya wilaya, njia inateleza, vijana wawili wameshachoka wamekaa chini, yeye bado anakwenda. Hayo aliyafanya, na walioyaona wapo. Mtu mbaya asiyefanya jema lolote ni rahisi kumchukia, unamchukia ukalala. Huyu alikusumbua.

Na baada ya nguzo wakaja wengine, watu wa Ushirika. Ushirika kilikuwa kikundi cha waliookoka ndani ya kanisa letu, watu walioona kanisa limelegea. Hawakunywa pombe, hawakucheza ngoma ya msiba, hawakwenda kwa mganga, wanawake hawakusuka nywele wala kuvaa hereni. Mageuzi yalipoingia, enzi zile tulizoziita za ruksa, maduka yakafunguka kila kona na marobota ya mitumba yakamwagwa sokoni, Ushirika ulizidi kukaza. Suruali kwa mwanamke, hapana. Mafuta ya kung'arisha midomo, hapana. Redio, hapana kabisa. Kaka yangu alinunua redio ndogo kwa fedha zake za kuchuma chai, Mwinjilisti akaja akasimama mlangoni akasema, "Sauti isiyo na mdomo ni ya pepo," na mama akamwamuru kaka aiuze. Kaka aliondoka kwenda Mbeya mwezi uleule, na hakurudi kukaa tena.

Hata hivyo kwa mama Ushirika ulikuwa ndiyo ukoo wake. Wao walimletea kuni, wao walimlimia, wao walikaa naye alipozika mtoto wake wa mwisho. Akawa kiongozi wa maombi ya akina mama, na sauti yake ilikuwa ikianza wimbo hakuna aliyebaki amekaa. Aliniambia mara nyingi, "Sekela, mimi siogopi kufa. Nataka tu nikifa niimbiwe na watu wangu." Hilo ndilo alilolitaka duniani, na hakutaka kingine. Lishikeni hilo, maana ndilo Mwinjilisti alilomnyima.

Sasa nieleze desturi moja, kwa kuwa mambo yote yalivunjikia hapo. Sisi Wanyakyusa tangu zamani tunajua kuwa hasira iliyokaliwa kimya inadhuru. Mtu akiugua na haponi, au ng'ombe wakiwa hawazai, wazee wanauliza, "Nani ana neno moyoni?" Basi watu wanakaa. Mwenye neno analitoa lote, hata likiwa chungu, na anayesemwa anasikiliza mpaka mwisho. Kisha naye anasema lake. Wakishamaliza wanaletewa bakuli la maji, kila mmoja anachukua funda moja, anapuliza chini, anasema, "Yamekwisha." Hapo ndipo wanaweza kuomba. Ukiomba na neno moyoni maombi yako hayapandi, yanazunguka hapohapo darini. Na neno likitolewa halafu lisipokewe, wazee wanasema ni bora lingebaki ndani, kwa sababu sasa liko nje linatembea.

Wa zamani walifanya kwa pombe. Mwinjilisti aliiingiza desturi hiyo ndani ya Ushirika kwa maji matupu, na hilo nampa, lilikuwa jambo la akili. Aliisimamia kwa ukali pia. Kuna wanawake wawili waligombania mgomba wa mpakani, na siku ya mkutano kila mmoja akadai hana neno. Mwinjilisti akavuta kiti mlangoni akakaa. Hakuna kutoka. Chakula cha mchana kikapita, watoto wakalia, wazee wakasinzia, yeye amekaa na mwamvuli magotini. Mwisho yule mmoja akapasuka, akamwambia mwenzake maneno ambayo siwezi kuyaandika, mwenzake akajibu, wakalia wote wawili, wakapuliza maji. Wakaenda wameshikana mikono. "Ushilika usio na maji ni kilabu cha pombe," alisema. Maneno yake mwenyewe hayo.

Kisha vikaja vita vya Iraki, vile vya kwanza, Wamarekani na wenzao walipokwenda kuwatoa Wairaki kule Kuwaiti. Utauliza, Tukuyu vilituhusu nini? Hata mimi niliuliza. Lakini mji ulichangamka kama timu ya taifa inacheza. Vijana waliandika majina ya makombora kwenye vibao vya matope vya baiskeli zao. Kwenye vilabu watu walikunjana mashati. Mafuta ya taa yakapanda bei, na kila aliyepandisha bei ya kitu chochote, hata mchicha, alisema ni vita.

Na Mwinjilisti akatokea Ushirika na redio kaseti begani. Naapa! Kubwa, ya kung'aa, yenye spika mbili. Kiangazi kilichopita walikuja wageni wahubiri kutoka Marekani, wakalala kwake, wakala kuku wake, na walipoondoka walimwachia redio hiyo pamoja na kaseti za mahubiri yaliyotafsiriwa na kijana mmoja wa Mbeya. Mhubiri wa kwenye kaseti alisema Iraki ndiyo Babeli, na Babeli lazima ianguke kabla Bwana hajarudi, na kila Mkristo aombe ianguke upesi. Tulikaa tukasikiliza. Mama aliinua mkono akauliza, kwa upole kabisa, kama sauti hii ina mdomo. Watu wakacheka. Mwinjilisti hakucheka. Tangu siku hiyo alimtazama mama kwa jicho jingine.

Akaanza kuombea mabomu. Nisieleweke vibaya, watu wengi huombea amani, na wengine huombea jeshi fulani lishinde. Yeye aliombea mabomu yenyewe, yasipotee njia, yapige penyewe. Na kila akimaliza alitaka Amina, tena si ya pamoja. Alipita mstari kwa mstari na mwamvuli, anakunyooshea, unasema.

Ushirika ukapasuka. Nusu walisema Amina kwa nguvu, hasa vijana waliovutiwa na ile redio, na wale walioamini kweli kwamba Bwana yuko njiani. Nusu nyingine, na hawa walikuwa wengi wao wazee waliokuwa wakali kuliko hata Mwinjilisti kwenye mambo ya pombe na hereni, walifunga midomo. Walisema waliokoka ili wajitenge na mambo ya dunia, na vita vya wafalme wa mbali ni mambo ya dunia. Wakaitwa Wanyamavu, na wale wengine Waamina. Wakakaa pande mbili za chumba, njia katikati. Kwaya ikaharibika kabisa kwa kuwa sauti ya pili yote ilikuwa Wanyamavu. Posa ya binti mmoja wa Waamina ikarudishwa kwao. Jamani, kwa ajili ya Kuwaiti! Ungempa mtu ramani asingeweza kukuonyesha.

Kisha Mwinjilisti akamgeukia Baba Zuhura. Huyu alikuwa jirani yetu Mwislamu, mwenye duka la chumvi, sabuni, mafuta ya taa na vitenge, mtu aliyekopesha nusu ya mtaa. Mwinjilisti alitangaza kwamba anayenunua pale ananunulia Babeli kombora. Waamina wakaanza kushuka mpaka sokoni kufuata chumvi, wanarudi wamelowa, na duka la Baba Zuhura liko hatua chache kutoka mlangoni kwao. Baba Zuhura hakugombana na mtu. Alisimama kwenye duka lake tupu anapanga sabuni zilizokwisha kupangwa. Mama alikwenda kwake hadharani, saa ambayo Waamina wanapita, akanunua chumvi asiyoihitaji. Tulikuwa na chumvi ya kuhifadhi ng'ombe mzima.

Siku ya mambo yenyewe tulikuwa mkutanoni Matwebe, Ushirika wote wa tarafa. Mwinjilisti akaomba maombi yake, akaanza kupita mistari. Wanyamavu wengine aliwaruka, walikuwa wanaume na wazee. Akasimama mbele ya mama.

"Binti wa Ikuti, nataka Amina."

Mama akasimama. Alikuwa mfupi, kilemba chake kilimfika yule kwenye kifungo cha koti. "Mwinjilisti," alisema, "babu yangu alichukuliwa hapa bomani kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Havikuwa vita vyake. Hakurudi, na bibi alikufa akitazama njia. Mimi nimezaa na nimezika. Siwezi kumwomba Kyala aangushe moto kwenye nyumba ya mama mwenzangu, hata awe wa Babeli. Maombi mengine yote nipo."

"Una hasila moyoni."

"Sikuwa nayo," mama akasema. "Sasa ninayo."

Loo! Kila mtu ukumbini alijua neno hilo linafungua nini. Akishasema ana hasira, lazima alitoe neno, na lazima lipokewe. Mama akalitoa. Alisema kuhusu redio ya kaka, kwamba mwanawe alimkimbia kwa ajili ya kitu ambacho Mwinjilisti leo analala nacho kitandani. Alisema kuhusu Baba Zuhura. Alisema kuhusu mbalaga zinazopoa, nami nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Hakutukana hata mara moja. Kisha akasema, "Nimemaliza, taata. Sema na lako, tupulize maji, tuendelee na maombi."

Bakuli likaletwa. Mwinjilisti akalitazama. Kama angelipokea, Ushirika ungepona palepale, nina hakika, na Waamina na Wanyamavu wangelia wakashikana. Alilisukuma kwa ncha ya mwamvuli, taratibu, mpaka ukutani.

"Hasila yako si juu yangu," alisema. "Ni juu ya fita fya Bwana. Hiyo haina maji. Hiyo ni uasi. Utatoka nje mpaka useme Amina."

Desturi aliyoifundisha yeye, aliivunja yeye, mbele ya watu wote. Na nani alimwambia? Hakuna. Hata Wanyamavu walitazama miguu yao. Mama alichukua kitenge chake akatoka, nami nikatoka nyuma yake, na tulipokaribia nyumbani alisema, "Neno langu limebaki nje, Sekela."

Vita vyenyewe vilikwisha upesi. Maharage tuliyopanda vikiwa vinaanza yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Wanyamavu wakarudi kukaa na Waamina kidogo kidogo, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, kwa kuwa hawakuwa wamefukuzwa, walikuwa wamenyamaza tu, na mtu aliyenyamaza anaweza kusema alikuwa anakohoa. Mama peke yake ndiye aliyesimama akasema, kwa hiyo mama peke yake ndiye aliyebaki nje. Miaka ikapita. Watu wa Ushirika walikutana naye kisimani wakamwitikia kwa macho. Jumapili alikaa jikoni anaimba nyimbo zile zile, sauti ya kwanza, anaacha nafasi pale ambapo wengine wangeitikia. Nilikuwa nikisikia nafasi zile natoka nje.

Nilimwambia, "Mama, sema tu hiyo Amina. Vita vimekwisha, hakuna atakayekufa." Akanitazama kama nimemtukana. "Waliokufa walikufa," akasema. "Unataka niwakanyage?"

Alipougua tumbo, na hospitali wakaturudisha nyumbani kwa maneno mazuri, nilikwenda kwa Mwinjilisti mwenyewe. Nilimkuta anamkatia ng'ombe mashina ya migomba. Nilipiga magoti kwenye tope, mimi niliyekuwa nataka kumwagia mchuzi.

"Mugonile, taata."

"Ndaga. Mama yako anaendeleaje?"

"Anakwenda, taata. Anaomba uje upokee neno lake. Hakuombi kingine. Mpulize maji wote wawili, ili Ushirika umzike."

Aliendelea kukata. Alikata shina zima mpaka likaisha. "Aseme Amina," alisema, "nitakuja nikikimbia."

"Lakini vita vimekwisha, Mwinjilisti. Wanajeshi wale wameshazeeka makwao."

"Amina haina talehe, Sekela."

Nilimwambia mama kwamba sikumkuta... hapana, sikumwambia hivyo, angejua. Nilimwambia kama ilivyokuwa. Akasema, "Kumbe ananiogopa." Hakusema lingine juu yake mpaka alipokata roho.

Tulimzika sisi majirani. Baba Zuhura alileta sanda, na wanawe ndio walioanza kuchimba kaburi. Watu wa Ushirika walisimama barabarani chini ya miamvuli yao, maana walikuwa wamekatazwa kuvuka mtaro wa nyumba yetu, lakini hakuna aliyewakataza kutazama. Kimya kilinichoma. Mwanamke aliyeimbia nusu ya makaburi ya Rungwe anashushwa hakuna wimbo. Kisha mama mmoja wa Waamina akafunga mwamvuli wake, akauruka mtaro, akaanza wimbo kwa sauti mbovu ya kutetemeka. Wakavuka wengine watatu. Wengine hawakuvuka. Mwinjilisti alikuwa nyuma yao, kofia mkononi, analowa, na alikaa pale mpaka udongo wa mwisho. Mpaka leo sijui kama alikuja kuomboleza au kuangalia nani anavuka. Wale wanne walitengwa wiki iliyofuata.

Wapo watu Tukuyu wanaosema mimi ndiye niliyemuua Mwinjilisti. Waseme. Wanasema hivyo kwa sababu ya siku moja tu, nami nitaieleza nimalize.

Alikuwa amezeeka, na ugonjwa wa mapafu ulimkalia kiangazi na masika. Dawa zote zilijaribiwa. Wazee wa Ushirika wakauliza kama ilivyo desturi, nani ana neno, na hakuna aliyehitaji kufikiri. Mama Mwinjilisti, mkewe, akaja kwangu amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda msibani. Mwanamke huyo hajanikosea kitu maisha yake yote.

"Sekela, mwanangu," akasema, "mume wa mtu ni mumewe. Njoo umsemee yote. Mtukane ukitaka. Ila uje."

Nikaenda. Nilikuta wazee wameketi kuzunguka kitanda, na bakuli la maji juu ya kigoda. Mwinjilisti alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amebaki mifupa na macho, lakini macho yalikuwa yaleyale. Alinisalimia vizuri. Aliniulizia wanangu kwa majina, kila mmoja, hakukosea. Aliniuliza kama mgomba wa nyuma ya jiko bado unazaa. Nikasema moyoni, vizuri, akili yake ipo, atanisikia.

Nikalitoa neno. Nililitoa lote. Nilimwambia jinsi mama alivyoimba jikoni peke yake. Nilimwambia habari za tumbo lake, za usaha, za maumivu, na jinsi alivyouliza kila asubuhi, kabla sijaenda kumpigia magoti, kama Mwinjilisti amepita njiani. Nilimwambia alimnyima mama watu wake kwa ajili ya vita, na kwamba sauti yake, "nataka Amina," ndiyo ninayoisikia nikipalilia, nikipika, nikinyonyesha. Nililia. Wazee wawili walilia. Nikasema, "Nimemaliza."

Alikuwa amenisikiliza mpaka mwisho, kama desturi inavyotaka, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Fita fipi?" akauliza.

Nikadhani ananikejeli. Nikamtazama mkewe, naye akatikisa kichwa polepole, hapana, hakejeli. Wazee wakatazama dari.

"Vita vya Iraki, Mwinjilisti. Vya Kuwaiti. Uliviombea Matwebe. Ulileta kaseti."

Alikunja paji la uso, alijitahidi kweli, nilimwona anavitafuta. Basi nikamweleza, kwa taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni: nani alimvamia nani, nani akaenda kumtoa, vilianza lini, vilikwishaje. Alitikisa kichwa kwa mshangao.

"Haya," alisema. "Na sisi hapa Tukuyu filituhusu nini?"

Kisha akatabasamu, akanyoosha mkono. "Mimi sina neno na mtoto huyu, wala na mama yake. Leteni maji." Wakamshikia bakuli, akachukua funda, akapuliza chini, akasema, "Yamekwisha." Ilikuwa rahisi namna hiyo. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Bakuli likaletwa kwangu. Mama Mwinjilisti mwenyewe ndiye aliyelishika, na wazee wote wakanitazama. Nilimtazama yule mzee aliyetulia kwenye mito yake, anangoja.

"Haya maji siyo yangu," nikawaambia. "Aliyeyaomba tulishamzika."